Mzee Aliyepoteza Kumbukumbu: Zamu Ihame kwa Walezi, Si kwa Mzee



Ndugu msomaji, maswali mengi tunayoulizwa zahanati kuhusu wazee ni ya dawa. Mama ana presha, apewe kidonge gani? Baba ana kisukari, ale nini? Ni mara chache tunaulizwa swali ambalo kwa hakika ndilo linalozitaabisha nyumba nyingi: "Mama amepoteza kumbukumbu, mimi ndiye ninayemuuguza usiku na mchana, na sasa nina safari ya wiki mbili. Nimwache na nani?"

Swali hili huja kwa sura nyingi. Binti anakaribia kujifungua kwa upasuaji. Mke wa mtoto amefiwa na baba yake huko Tanga na hana budi kwenda msibani. Mtoto wa kiume amejaaliwa nafasi ya Hijja. Mwingine hana safari yoyote, amechoka tu. Mwaka wa tatu huu hajalala usiku mmoja mzima. Huyu wa mwisho ndiye anayeona haya kusema, kwa kuogopa ataambiwa amemchoka mzazi wake.

Jibu ambalo familia zetu hulitoa haraka ni kumpeleka mzee kwa mtoto mwingine. Mwezi huu Mbagala, mwezi ujao Tabata, mwezi wa tatu Morogoro. Nia ni njema, lakini kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu njia hii mara nyingi huleta madhara. Katika makala haya tutaeleza njia iliyo bora kwa wengi: mzee abaki pale alipopazoea, na mlezi wa muda aje alale hapo hapo nyumbani. Zamu ihame kwa walezi, si kwa mzee.

MARADHI YENYEWE

Kitaalamu hali hii huitwa demensia. Si uzee wa kawaida, wala si uchawi, laana au jeuri. Ni maradhi ya ubongo ambayo huondoa kumbukumbu, uwezo wa kufikiri, kuzungumza na kujihudumia, kidogo kidogo. Aina inayoonekana zaidi ni maradhi ya Alzheimer, yaliyopewa jina la daktari wa Kijerumani Alois Alzheimer aliyeyaeleza mwaka 1906. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, na hapa presha na kisukari visivyotibiwa vina mchango mkubwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani waliishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, utafiti uliofanyika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro mwaka 2009 na 2010 uliwachunguza wazee wa miaka 70 na zaidi, ukakuta takriban 6 katika kila 100 wana maradhi haya. Hivyo katika kila mtaa kuna nyumba inayouguza, japo mlango umefungwa.

Qur'an nayo imetaja hali ya mja kurudishwa kwenye umri dhaifu hata asijue kitu baada ya kuwa alijua, katika Surat An-Nahl aya ya 70 na Surat Al-Hajj aya ya 5. Basi si jambo la kuonewa aibu.

Nukta moja kabla hatujaendelea. Kama mzee wenu hajawahi kupimwa, mpelekeni hospitali kwanza. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, na damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka huweza kufanana na demensia, na haya yana matibabu.

KUCHOKA SI UASI

Sote tuliopita madrasa tulifundishwa Surat Al-Israa aya ya 23, inayoamrisha wema kwa wazazi wanapofikia uzee na kukataza hata neno dogo la kuwachukiza. Wengi wameifahamu aya hii kwamba mtoto mwema hachoki. Lakini mwili una mipaka yake. Anayeamka mara tano kila usiku, akabadilisha shuka, akaulizwa swali moja mara thelathini kabla ya adhuhuri, atachoka tu, awe mchamungu kiasi gani.

Na uchovu huo usipopata nafuu, ndipo yanapotokea yale yale yaliyokatazwa. Ndipo mama anapopigiwa kelele. Ndipo baba anapofungiwa chumbani na ufunguo, au kufungwa kamba kitandani "asitoroke". Mara nyingi wanaofanya haya si watu wabaya, bali ni watu waliolemewa ambao hakuna aliyewapokea. Mlezi mwenyewe naye presha hupanda, hupatwa na sonona, hukosa hamu ya chakula, na mwisho nyumba inakuwa na wagonjwa wawili.

Kwa hiyo mapumziko ya mlezi ni sehemu ya matibabu ya mzee. Yapangwe mapema kama unavyopanga siku ya kliniki, yasisubiri mtu aanguke.

Hapa pia tuseme neno kuhusu mke wa mtoto. Katika nyumba nyingi yeye ndiye anayemwogesha mama mkwe na kumfulia, hali watoto wa kuzaa wanapiga simu Ijumaa kwa Ijumaa. Amri ya kuwatendea wema wazazi imeelekezwa kwa mtoto. Mkwe anayefanya kazi hiyo anafanya ihsani, na ihsani hushukuriwa na kusaidiwa, haidaiwi kama deni.

KWA NINI MZEE ASIHAMISHWE

Mwenye demensia hupoteza kwanza mambo mapya na hubakiwa na ya zamani. Nyumba aliyokaa miaka ishirini anaijua kwa miguu yake hata kama hajui leo ni siku gani. Anajua choo kiko kushoto, kata iko juu ya mtungi, na msala uko nyuma ya mlango.

Mhamishe usiku mmoja, na elimu hiyo yote imepotea. Ataamka usiku akitafuta choo pasipo na choo, atajikojolea au ataanguka, na mzee akivunjika nyonga mara nyingi hasimami tena kama zamani. Atawaona wajukuu asiowajua na kudhani ni wezi. Ataomba kurudi "kwetu", na asiporudishwa atatoka mwenyewe. Kisha wenye nyumba husema maradhi yamezidi, kumbe amehamishwa tu.

Huduma za kumpokea mzee kwa wiki mbili kisha kumrudisha, zilizozoeleka Ulaya, kwetu ni adimu. Makazi ya wazee ya Serikali, kama Nunge kule Kigamboni na Sebleni na Welezo kule Unguja, yamewekwa kwa ajili ya wazee wasio na jamaa wa kuwatunza. Hivyo kwa walio wengi, mlezi wa muda ataletwa na familia yenyewe.

NANI AJE KUKAA

Wa kwanza kufikiriwa ni mtu ambaye mzee anamjua sura: binti mwingine, mdogo wake, mpwa, shangazi, au jirani wa zamani. Sauti iliyozoeleka ina thamani kuliko cheti. Mtoto aliye mbali aombe likizo kazini aje yeye. Asiyeweza kuja, alipe nauli na posho ya atakayekuja. Mwenye muda atoe muda, mwenye fedha atoe fedha, na kila mmoja aandikiwe zamu yake mbele ya wenzake katika kikao cha familia. Maneno ya "tutaona" ndiyo yanayomwacha mtu mmoja na mzigo wote.

Ikiwa atakuja mtu wa kulipwa, zingatieni haya:

Awe mtu mzima. Msimwachie mzee binti wa miaka 13 aliyeletwa kutoka kijijini. Sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 imekataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14. Hata aliyevuka umri huo bado ni mtoto, na hawezi kubeba usiku wa mzee aliyechanganyikiwa.

Apatane nanyi ujira, siku za kukaa na saa za kupumzika kabla hajaanza. Mlezi wa muda naye ni binadamu. Kama mzee halali usiku, basi mchana apatikane mtu wa kumpokea saa tatu au nne naye alale. Mlipeni kwa wakati, kama Mtume (s.a.w.) alivyotuhimiza kuhusu ujira wa mfanyakazi.

Ajulikane anakotoka, awe na mdhamini. Vitu vya thamani na hati za nyumba viwekwe mbali mapema. Mwenye demensia hupoteza vitu na kusema vimeibwa. Msipoviondoa, mtamdhulumu mlezi kwa tuhuma, au mtashindwa kujua ukweli siku ambayo kweli kimepotea kitu.

SITARA NA MIPAKA

Kazi hii inahusu kuogesha, kutawadhisha na kubadilisha nguo, hivyo suala la utupu haliepukiki. Utaratibu unaofaa ni mama ahudumiwe na mwanamke na baba ahudumiwe na mwanamume. Kwa baba, msikimbilie kumtafuta binti wa kazi kwa sababu tu ndiye anayepatikana kwa urahisi. Mtafuteni kijana wa kiume katika ukoo, hata akalipwa. Pale dharura inapolazimu vinginevyo, mwenye kuhudumia afunue kwa kadiri ya haja tu, na muulizeni shehe wenu.

Wakati wa kuogesha, mfunike mzee kwa kanga au shuka, uoshe upande mmoja huku mwingine umesitirika. Hili lina faida ya kitabibu pia. Wazee wengi wanaokataa kuoga na kupiga watu, kinachowafanya wapigane ni baridi na aibu. Wakisitiriwa hutulia.

Mlezi wa kike anayelala nyumbani alale chumba kimoja na mama, au chumba chenye wanawake wenzake. Mume wa nyumba asibaki naye faragha. Lipangeni hili kabla mke hajasafiri.

SIKU ZA MAKABIDHIANO

Kosa kubwa ni mlezi mpya kufika jioni na mwenyeji kuondoka alfajiri. Mzee ataamka na kukuta mgeni anamvua nguo. Nani asiyepiga kelele?

Mlezi wa muda afike angalau siku nne au tano kabla. Siku ya kwanza na ya pili akae tu, ale na mzee, amsikilize hadithi zake, amwone anavyohudumiwa. Siku ya tatu aanze kulisha na kutembeza, huku mwenyeji yupo. Siku ya nne amwogeshe mwenyewe, na mwenyeji atoke nyumbani saa chache. Usiku mmoja kabla ya safari, mlezi mpya ndiye aamke, mwenyeji abaki chumba cha pili. Linaloharibika liharibike hapo, wakati bado kuna wa kurekebisha.

Mwandikieni daftari dogo. Humo ziwepo dawa zote na saa zake, na chakula anachokila na namna ya kukiandaa: samaki atolewe miiba, tende itolewe kokwa, nyama ikatwe ndogo, na ale akiwa ameketi wima ili asipaliwe. Yaandikwe majina anayopenda kuitwa, mambo yanayomkasirisha na yanayomtuliza, saa anazokwenda choo, na namba za simu za watu watatu: mwana familia mwenye kauli, jirani wa karibu, na dereva wa bodaboda au teksi anayefika usiku.

Na mfundisheni lugha ya maradhi haya. Kubishana hakusaidii. Bibi akisema anamsubiri mama yake aliyefariki miaka arobaini iliyopita, usimwambie "Mama yako amekufa", kwani ataupokea msiba upya, na kesho atausahau na kuuliza tena. Muulize, "Bibi, mama yako alikuwa akikupikia nini?" Atasimulia na kutulia. Asipotaka kuoga usimvute. Mwambie, "Shikamoo Bibi, maji ya udhu tayari, adhuhuri imekaribia." Wengi huinuka wenyewe.

USIKU NA MLANGO

Wazee wengi huchanganyikiwa zaidi kuanzia magharibi. Washeni taa mapema, punguzeni kelele, na msimpe chai ya rangi wala kahawa jioni. Njia ya kwenda chooni iwe na mwanga, bila zulia linaloteleza wala ndoo njiani. Kopo la haja liwekwe karibu na kitanda, na mpira utandikwe chini ya shuka. Jiko la mkaa, mafuta ya taa, dawa za panya na kisima kisicho na mfuniko visifikike.

Liko jambo linalotokea sana kwa wanaume wetu. Mzee huamka saa nane usiku, akavaa kanzu na kofia, akatoka kwenda msikitini akidhani ni alfajiri. Msimcheke, huyo miguu yake inakumbuka kheri aliyoizoea. Wekeni komeo juu kabisa ya mlango mahali asipotazama, na kengele ndogo itakayolia mlango ukifunguka. Waambieni majirani, muadhini na walinzi wa mtaa. Mshoneeni kwenye kanzu kitambaa chenye namba ya simu. Lakini kamwe asifungiwe ndani peke yake, maana moto ukitokea hana pa kutokea.

SWALA NA FUNGA

Mlezi wa muda huogopa akimwona mzee ameswali rakaa sita, au ameswali adhuhuri mara tatu. Amwache. Sheria imemnyanyulia kalamu asiye na akili zake mpaka zimrudie. Kumsimamia kwa ukali hakumwongezei ibada, bali kunamnyang'anya utulivu alionao. Wengi waliosahau majina ya watoto bado wanaisoma Al-Fatiha bila kukosea. Kumwekea kisomo kwa sauti ya chini jioni huwatuliza baadhi yao kuliko maneno.

Kuhusu Ramadhani, mtu ambaye akili zimemtoka kabisa hana funga. Mzee mwenye akili timamu asiyeweza kufunga kwa udhaifu ana hukumu yake ya fidia. Yule ambaye akili huja na kuondoka, familia imuulize mwanachuoni kabla ya mwezi kuandama, na jibu liandikwe kwenye daftari. Mlezi asiachiwe kuamua peke yake kama mgonjwa wa kisukari apewe uji saa nne asubuhi au asipewe.

DAWA YA USINGIZI SI MLEZI

Hapa tunasisitiza. Wapo wanaompa mzee Piriton au Valium "alale, asisumbue". Piriton ni dawa ya mzio. Kwa mzee huweza kuzidisha kuchanganyikiwa, kufunga choo na kuzuia mkojo. Valium hukaa muda mrefu katika mwili wa mzee, humlegeza na kumwangusha. Mlezi wa muda asipewe ruhusa ya kununua dawa yoyote ya namna hii dukani. Mzee asipolala kabisa, daktari amwone, kwani huenda ana maumivu asiyoweza kuyasema.

DALILI ZA KUKIMBIA HOSPITALI

Demensia huenda polepole, kwa miezi na miaka. Mabadiliko ya ghafla ndani ya saa au siku chache si demensia kuzidi, ni ugonjwa mwingine umeingia. Mlezi ampeleke hospitali bila kusubiri mwenyeji arudi, akiona:

- homa, au mzee amekuwa na usingizi mzito usio wa kawaida;
- ameanza ghafla kuweweseka au kuona visivyokuwepo;
- mdomo umepinda, mkono au mguu mmoja umelegea, au maneno hayatoki;
- ameanguka na kugonga kichwa, hata kama alisimama mwenyewe;
- hakojoi, anakojoa kwa maumivu, au hajapata choo kwa siku kadhaa;
- hawezi kumeza au hataki kunywa kabisa.

Mwenye kisukari anayetumia dawa, akitoka jasho, akitetemeka au akichanganyikiwa ghafla, huenda sukari imeshuka. Kama anaweza kumeza, apewe maji ya sukari hapo hapo, kisha apelekwe. Kama hawezi kumeza asinyweshwe kitu, akimbizwe. Fedha za dharura ziachwe taslimu nyumbani, pamoja na kadi ya matibabu. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanastahiki matibabu bila malipo katika vituo vya Serikali, hivyo kitambulisho chake kiwe tayari.

MLEZI AKIRUDI

Huenda mzee asimkumbuke mwenyeji kwa siku moja au mbili, au akamkasirikia bila kujua sababu. Isichukuliwe kuwa ni adhabu. Mlezi wa muda abaki siku moja zaidi, akabidhi daftari, aeleze kilichobadilika. Mkague mzee ngozi ya mgongo, nyonga na visigino. Wekundu usiofifia ukibonyezwa, au weusi mpya kwa mwenye ngozi nyeusi, ni mwanzo wa vidonda vya kitandani.

Kisha, kabla hamjaagana, pangeni zamu ijayo. Msisubiri safari nyingine wala msiba. Hata siku mbili kila mwezi, kwa tarehe inayojulikana, humfanya anayeuguza aihesabu siku yake na kuvumilia.

Ndugu msomaji, pengine wewe si mwenye kuuguza, bali ni ndugu yake. Usimuulize tena, "Mama anaendeleaje?" ukaishia hapo. Muulize, "Nije kulala lini ili wewe ulale?" Swali hilo ni katika kuunga udugu, na ni katika wema kwa mzazi ambaye huenda hatakumbuka kuwa ulikuja. Allah (s.w.) hasahau.

Tunamuomba Allah awape shifaa wazee wetu, awape nguvu wanaowauguza, na asituache sisi tutakapofikia umri huo. Aamin.

Wabillahi tawfiq.